Kidato cha tano HGL bondeni Isimila

Jumamosi tuliwapeleka vijana wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) Isimila, eneo la Zama za Mawe lililo kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, njia ya kwenda Mbeya. Darasani nimefundisha mmomonyoko wa udongo mpaka sauti ikakauka, wananiangalia tu. Pale chini ya zile nguzo za asili zilizosimama bondeni nikanyamaza. Kijana mmoja, yule bingwa wa kusinzia dawati la nyuma, akauliza mwenyewe: "Mwalimu, mbona hizi zimebaki na pembeni kote kumeliwa?" Nikamwambia atazame kileleni. Akaona tabaka gumu limekaa juu kama kofia, linakinga laini lililo chini yake. Basi, madaftari yakatoka bila amri.

Halafu mawe. Shoka la mkono la Zama za Mawe za Kale halichoreki ubaoni likaeleweka. Lina uzito, kingo mbili zimechongwa pande zote zikakutana kwenye ncha, na upande mnene unajaa kiganja. Waliposikia kwamba aliyeyaokota mashoka haya mwaka 1951 alikuwa mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, macho yote yakashuka chini! (Siku hizi kuokota marufuku, ilibidi nikumbushe.)

Kuna wazazi walinung'unikia nauli, eti matembezi. Matembezi gani yanayorudi na vipimo vya mteremko? Wiki hii wanachora ramani ya bonde wenyewe.

Walimu wa Songwe, Kimondo cha Mbozi utaratibu wa kuingia na wanafunzi ukoje? Muhula ujao tunakuja huko.