Kushuka kwenda Machu Picchu

Kabla ya kufika Peru nilidhani kwamba kwenda Machu Picchu ni kupanda mlima. Kumbe treni inashuka. Mji wa Cusco, uliokuwa makao makuu ya dola ya Wainka, uko kwenye kimo cha mita 3,400 hivi, ilhali magofu ya mji wao wa Machu Picchu yako mita 2,430 tu juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo asubuhi ile, tulipoingia katika treni ya buluu yenye nakshi za dhahabu kwenye stesheni ya Poroy, nje kidogo ya Cusco, tulikuwa tunaiaga baridi ya nyanda za juu.

Ni treni ya kifahari kwelikweli, yenye mbao zilizong'arishwa, vitambaa vyeupe mezani na wahudumu wanaomimina vinywaji bila kumwaga tone behewa linapoyumba. Hata hivyo, muda mwingi nilikuwa kwenye kibaraza kilicho wazi nyuma ya behewa la mwisho. Reli yenyewe ni nyembamba, upana wake milimita 914, na treni huenda taratibu, jambo ambalo kwangu lilikuwa na thamani kuliko chakula chote tulichoandaliwa. Mashamba ya viazi na mahindi yalipita, kisha Ollantaytambo na matuta yake ya mawe, na baada ya hapo bonde likaanza kubana. Mto Urubamba ulitoa povu ubavuni mwa reli, vilima vikavu vikageuka msitu wa mawingu, na okidi zikaanza kuonekana kwenye magenge. Anayeipita safari hii kwa haraka hataelewa jinsi mji ule ulivyojificha.

Treni hiyo inaitwa Hiram Bingham, kwa heshima ya Mmarekani aliyefika Machu Picchu Julai 1911 na kuutangazia ulimwengu. Napenda msafiri akumbuke pia kwamba Bingham alionyeshwa njia na mkulima wa bondeni, Melchor Arteaga, kwamba alizikuta familia zikilima kwenye matuta yale, na kwamba Agustín Lizárraga wa Cusco alikuwa ameandika jina lake ukutani tangu 1902.

Kutoka kituo cha mwisho, basi hupanda kona kwa kona hadi langoni. Nilikuwa nimejiandaa kushangazwa na mandhari, nayo kweli ilinishangaza, lakini kilichonishika zaidi ni maji. Mji huu ulijengwa katika karne ya 15, zama za mtawala Pachacuti, mahali penye mvua nyingi na mteremko mkali, ambapo ujenzi wa kubahatisha ungeporomoka mapema. Mafundi walichimba mfereji wa mita 749 kutoka chemchemi ya mlimani, wakayashusha maji katika visima 16 vidogo vya mawe vilivyopangana kama ngazi, na chini ya matuta wakatandaza tabaka za mawe, kokoto na mchanga ili mvua izame bila kuubeba udongo. Sehemu kubwa ya kazi yao iko ardhini, haionekani kwenye picha.

Kwenye Hekalu la Jua nilitafuta kwa macho, kwa kuwa kugusa hakuruhusiwi, upenyo ambao hata ukucha ungepita kati ya jiwe na jiwe. Sikuuona. Mawe ya itale yamechongwa yakakaliana bila chokaa, na madirisha ni mapana chini, membamba juu, umbo linalosaidia kuta kustahimili matetemeko. Karibu na hapo maji yalikuwa bado yanatiririka kwenye kijito cha jiwe chenye upana wa kiganja, yakidondoka kisimani kwa uzi mmoja mwembamba usiokatika. Nilisimama pale hadi kiongozi wetu aliponiita mara ya pili.

Jioni treni ilirudi na muziki ukapigwa katika behewa la baa. Mto haukuonekana tena gizani, ila kibarazani ulisikika vizuri, na sasa tulikuwa tunapanda.