Waliniambia manyuo ni adhabu

Tangaza tu kwamba unatafuta kigari cha kutembelea, Dodoma nzima inageuka kuwa wataalamu wa magari. Mimi nilipotangaza, jibu lilikuwa lilelile kila kona: chukua IST, au Vitz, au Passo, ila hakikisha ni oto, yaani linalobadilisha gia lenyewe. Nikiuliza habari ya manyuo, gari la klachi ambalo gia unabadilisha mwenyewe kwa mkono, watu wanacheka. Mwenzangu wa kazini akasema manyuo ni adhabu ya kujitakia. Dalali mmoja wa maeneo ya Majengo akanihurumia kabisa: "Dada yangu, mwanamke na klachi wapi na wapi? Utaumia goti, na siku ya kuuza utakuja kulia kwangu."

Goti ni zima. Kulia bado sijaenda.

Sikuanza kwa ubishi lakini. Nilianza na IST, maana hiyo ndiyo gari ya mjini, na IST zile za mwanzo, za 2002 hadi 2007, zote ni oto, hakuna cha kuchagua. Niliipata moja Ilazo, usajili wa namba D, rangi ya fedha, matairi yamepakwa ule mng'aro wao. Tulifika jioni, mimi na baba mdogo, ambaye ameendesha malori njia ya Singida tangu lami haijafika. Tukakuta gari linanguruma. Muuzaji anatabasamu: "Nimeliwasha mapema msikie injini." Nikalizungusha mtaani. Laini ajabu, gia zinaingia wala huzisikii. Mimi moyoni nimeshanunua. Tuliporudi baba mdogo akaniambia pembeni, "Mwanangu, gari linalouzwa halipashwi moto kama kiporo. Muulize kwa nini hataki tulione likiwa baridi."

Hatukumuuliza. Tulimwambia tutafikiria, tukaondoka zetu, na kesho yake alfajiri tukapiga hodi bila taarifa. Ilikuwa Julai, ule upepo wa Dodoma unaokata masikio. Muuzaji akatoka na msuli, macho hayajafunguka vizuri. Baba mdogo akagusa boneti: baridi. Akaniambia niwashe, nikanyage breki, nitoe N, ya gia huru, niweke D, ya kwenda mbele, kisha nisifanye kitu kingine chochote.

Gari likafikiri. Nasema likafikiri kwa sababu sina neno jingine: gia imeshaingia, injini inaenda, gari halina habari. Unaweza kusalimia jirani na kumuuliza watoto. Halafu ndipo likashtuka, dum! mpaka kikombe cha chai alichokiweka muuzaji juu ya dashibodi kikamwagika. Tukajaribu R, ya kurudi nyuma, yaleyale, na huko mshtuko ulikuwa mkubwa zaidi.

Baba mdogo akaomba tishu nyeupe. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi (siyo cha injini, kile kingine, na gari nyingi za siku hizi hazina kabisa), akakifuta kwenye tishu. Oili ya oto ikiwa mpya ni nyekundu. Ile ilikuwa nyeusi, na akanisogezea puani ninuse: harufu ya kitu kilichoungua. Akanieleza pale pale mbele ya mwenye gari kwamba hata oto ina klachi zake humo ndani, nyembamba nyembamba, zinaogelea kwenye oili. Watu wanasema oto haina klachi kwa sababu tu hawaikanyagi. Ikiungua, hubadilishi pleti ya klachi ukaondoka kama kwenye manyuo. Unashusha giaboksi nzima, na wengi wanaishia kununua nyingine iliyotumika kutoka Japani, milioni na zaidi, nayo hujui ilikotoka imelala na ugonjwa gani.

Muuzaji akasema, "Hiyo ni kubadilisha haidroliki tu, hiyo oili ya giaboksi, inapona." Tukamwachia apone nayo.

Baada ya hapo nikaziangalia Honda Fit, na Vitz zile za umbo la pili zilizoanza 2005. Nyingi ni CVT, hazina gia za kupanda moja moja, kuna mkanda wa chuma unaobana na kuachia. Tamu kuendesha, na mafuta hazili. Shida yake ni kwamba zinataka oili yake maalumu, na mimi nimewaona kwa macho mafundi wa mtaani wakimimina oili yoyote iliyo nyekundu. Ukinunua CVT, oili nunua mwenyewe na usimame pale fundi anapoiweka. Huo ushauri nautoa bure.

Vitz yangu niliipata Kizota, kwa mwalimu mstaafu. Namba C, umbo lile la kwanza, injini ya cc 997, gia tano za mkono. Ilikuwa imekaa sokoni muda mrefu haina mteja, kwa sababu hiyo hiyo moja. Kila aliyepiga simu akiuliza "ni oto?" na mwalimu akisema hapana, simu inakatwa. Manyuo za aina hii ni chache hata huko zinakotoka, maana Wajapani wenyewe gari ndogo wananunua oto.

Kulipima klachi hakuhitaji hata kutoka getini. Vuta handibreki mpaka mwisho, weka gia namba tatu, kisha achia klachi taratibu huku umekanyaga mafuta kidogo. Injini ikizima papo hapo, pleti inashika. Ikiendelea kunguruma huku gari limesimama, pleti imekwisha. Ya mwalimu ilizima. Nikafanya tena kwa raha yangu tu, ikazima tena, mpaka mwalimu akasema, "Mama, utaniulia gari kabla hujalilipa."

Kwenye bei ndipo nilipowakumbuka madalali. Maneno yao yote niliyoyachukia niliyabeba nikayamwaga pale sebuleni. "Mwalimu, manyuo nani atanunua? Siku nikitaka kuuza nitamwuzia nani? Goti langu je?" Alianza na milioni saba na ushee. Tulimaliza kwenye sita na kidogo, na akaniongezea spea tairi.

Leseni ninayo, na kama wengi nilijifunzia manyuo shule ya udereva kisha nikasahau. Barabara tambarare ilirudi yenyewe. Mlima ndio ulionitoa jasho. Baba mdogo akanipeleka Jumapili kwenye miinuko ya UDOM, chuo kikuu chetu, akasimamisha chupa tupu ya maji, ile ya lita moja na nusu, nyuma ya tairi. Akasema, "Chupa ikilia, tunaanza upya." Ililia sana. Wanafunzi wakapita wakanipigia makofi, sijui ya pongezi au ya dhihaka. Kilichonisaidia ni kuacha kuangalia gia na kusikiliza: ukiinua klachi polepole kuna mahali mlio wa injini unashuka na pua ya gari inanyanyuka kidogo. Shikilia mguu hapo hapo, ongeza mafuta, ndipo ushushe handibreki. Chupa ya mwisho nilirudi nayo nyumbani nzima, naiwekea mafuta ya alizeti.

Sasa safari ya Iringa, dada yangu anakaa huko. Ukitoka Dodoma unapita Mpunguzi, Fufu, Mtera, Migori, kisha unakutana na mlima wa Nyang'oro. Kupanda na abiria na mizigo, kiinjini cha cc 997 hakikimbii, tusidanganyane. Unazima kiyoyozi, unaweka gia mbili, unavumilia matusi ya mabasi. Lakini nachagua gia mwenyewe na inabaki hapo. Sina kigari kinachopandisha na kushusha gia peke yake kila kona.

Kushuka, wakati wa kurudi Dodoma, ndiyo raha. Gia mbili, mguu unakaa karibu na breki bila kulala juu yake, injini inalizuia gari. Chini ya mlima nikaikuta Noah imeegesha, breki za magurudumu ya mbele zinatoa moshi na watoto wameziba pua. Ile ni oto, na oto nyingi nazo zina 2 na L, gia za chini, pale kwenye gia kwa kazi hiyohiyo, ila wenye nazo wengi ukiwauliza L ni ya nini watakuambia hawajawahi kuigusa.

Tulipofika Mtera tukasimama kununua perege. Narudi garini, stata inasema tik, kimya. Betri la mwalimu lilikuwa limefika mwisho wa utumishi. Pembeni kulikuwa na jamaa mwenye gari dogo zuri kuliko langu, naye betri limemfia, anasubiri mtu wa kuja na waya za kubusti. Akaniambia kwa huzuni ya wenzi, "Dada, kaa kivulini."

Nikawaita vijana wa samaki. "Sukumeni!" Nikawasha swichi, nikakanyaga klachi, nikaweka gia mbili. Siyo moja, moja inakaba matairi na gari linagoma. Wakasukuma, mmoja bado ameshika perege mkono wa kushoto. Mwendo ulipochanganya nikaachia klachi kwa ghafla na kuikanyaga tena: likaruka, likakohoa, likawaka! Walishangilia hadi wakinamama wa vibanda wakasimama. Yule jamaa akaomba naye asukumwe. Ikabidi nimweleze kwamba la kwake hata wasukume hadi Migori haliwaki, kwa sababu oto inahitaji injini izunguke kwanza ndipo pampu isukume oili kwenye giaboksi. Nikampa lifti mpaka alipopata waya.

Gharama? Klachi nimebadilisha mara moja, pleti, presha pleti na beringi yake, na ufundi, laki mbili na nusu au karibu na tatu. Fundi alimaliza siku hiyohiyo. Wanaosema manyuo haiuziki hawajasema uongo, kuuza itachukua muda na bei itashushwa. Ila na mimi niliinunua kwa bei ya kushushwa, kwa hiyo sioni nilipoibiwa. Kama unaishi Dar na foleni zake, nunua oto, mguu wa kushoto una haki zake. Dodoma foleni yetu ni ile ya asubuhi kuelekea Mtumba kwenye ofisi za serikali, na hiyo unaipita ukitoka nyumbani mapema kidogo.

Kuna faida moja ambayo hakuna mshauri aliyeniambia. Shemeji yangu alikuja mwezi uliopita na maneno matamu, anataka gari kwenda kwenye harusi Kondoa. Nikampa funguo bila neno. Likazima getini, akawasha, likaruka hatua moja, likazima tena. Watoto wa jirani wakaanza kukusanyika. Akashuka akaniuliza kama ningeweza kumsogeza mwenyewe. Tulienda, mafuta aliweka yeye, na pilau la Kondoa nililila.