Siku moja na Datsun 240Z iliyogoma Mazeras

Saa 12 na nusu asubuhi. Nafungua gereji hapa Changamwe, Mombasa, hamri bado liko mkononi, simu inalia. Ni yule mzee ambaye Datsun yake ililetwa hapa jana usiku ikivutwa kwa kamba. Nikamwambia shikamoo mzee wangu, gari ipo, imelala salama, we njoo saa 2 unieleze mwenyewe ilivyokufa maana jamaa aliyeivuta hajui lolote zaidi ya kamba.

Gari yenyewe ni 240Z, silinda sita kwa mstari, cc 2393, kabureta mbili (hizo ndo zinachanganya petroli na hewa) za Hitachi, zile za mtindo wa SU wa Kiingereza. Kama wewe si wa rika hilo muulize baba yako, ndiyo iliyoshinda Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann, ikarudia 1973 na Shekhar Mehta. Zilizobaki barabarani nyingi ziko kwa wazee kama huyu, wanazipenda kuliko wake zao na kila fundi waliyepita kwake ameziachia alama.

Saa 2. Mzee kaja na kofia yake, hata kukaa hataki. Ati ametoka Nairobi vizuri tu, akija taratibu, matatizo yameanza jana akirudi upande wa Mariakani. Anapanda mlima wa Mazeras, anakanyaga apite trela, gari inachukua vizuri kidogo halafu inaanza kuvutavuta, nguvu zinapungua, zinapungua, inazima. Anaegesha, anasubiri, inawaka kama haijafanya kitu. Anapanda tena, mchezo ule ule.

Hapo nina maswali mawili. Ilizima ghafla ama ilikufa polepole? Polepole. Na ilipoanza kufifia ulivuta choki? Akacheka, kumbe alivuta, na ikapata nguvu kidogo kabla ya kuzima. Basi nusu ya kazi ishaisha. Ikikatika mara moja kama mtu kazima swichi, mimi naenda kwa vitu vya moto wa plagi, koili na kondensa na waya, hizo zikipata moto hukata hivyo. Ikifa polepole ni petroli haifiki. Na kwenye hizi SU choki haifungi hewa kama kabureta nyingine, inashusha jeti, kile kitundu cha petroli, chini ili petroli ipite zaidi, kwa hivyo ukiivuta na gari ikapata nafuu ujue injini ina njaa.

Lakini akaniongezea ya kuudhi: kuna fundi alisimama kumsaidia pale njiani, akachukua spana moja kwa moja akazungusha nati za chini ya kabureta, zile za kupandisha na kushusha jeti. Moja kaishusha, nyingine kaipandisha, ndo kumalizana. Wallahi sijui kwa nini watu wanakimbilia kabureta. Kabureta inatumia ilicholetewa tu, usiiguse mpaka uhakikishe petroli inafika, tena inafika ya kutosha.

Saa 3. Plagi zote sita nje. Nyeupe, tena nyeupe kabisa. Hiyo ni njaa, lakini siiamini sana kwa sababu gari imetoka Nairobi, huko ni mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, mtu akirekebisha kabureta huko halafu ashuke nayo hapa Mombasa hewa inakuwa nzito petroli ile ile, plagi lazima ziwe nyeupe kidogo. Ila hilo peke yake halizimi gari mlimani.

Saa 4 tuktuk ikaja na kebo ya klachi imekatika, dereva ana haraka ati hesabu ya tajiri. Nikamwachia spanaboi, kijana wangu wa gereji.

Saa 4 na nusu. Sasa kipimo chenyewe. Natoa waya wa koili injini isiwake, nachomoa paipu inayoingia kwa kabureta, naiingiza kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu, spanaboi anapiga stata. Hapo hapo muuza kahawa anaingia na dele lake, makaa yanawaka chini, nikampigia kelele mpaka jirani akatoka nje! Petroli iko wazi na wewe unaniletea moto, ami. Akarudi nyuma huku anacheka.

Petroli ikaanza kuruka vizuri, chwa chwa chwa, halafu ikawa nyembamba, halafu povu na hewa. Mzee akasema pampu imekufa, ninunue ya stima. Subiri mzee. Pampu ya gari hii ni ya kusukumwa na kemu, shafti ile inayofungua vali, imefungwa ubavuni mwa hedi, nikachomoa paipu inayoingia kwake nikaweka paipu safi kwenye kijerikeni, tukapiga stata tena. Ikajaza chupa bila kupumzika. Geji ya presha ikasoma karibu psi 4, ndo inavyotakiwa. Pampu ni nzima. Na hiyo ya stima watu wanayopenda kufunga, ukipewa ya gari za injekta inasukuma psi 40 na kitu, sindano ya floti inayofunga petroli bakuli la kabureta likijaa haiwezi kuizuia, petroli inamwagika juu ya egzosti. Kwenye injini hii kabureta na egzosti ziko upande mmoja, moja juu ya nyingine. Sihitaji kueleza zaidi.

Kwa hivyo ugonjwa uko nyuma ya pampu. Kofia ya tangi nikaifungua, haikuvuta pumzi, kwa hivyo tangi linapumua. Filta ina vumbi la kutu lakini inapitisha. Nikachukua kompresa nikapuliza kutoka mbele kurudi tangini, polepole, mzee ameweka sikio kwa mdomo wa tangi, anasema inatokota vizuri. Paipu haijaziba basi. Na bado ukivuta haiji.

Saa 6 na nusu. Nikaenda kuswali, nikarudi nikala wali na samaki, kichwa bado kiko chini ya gari. Wazee wa baraza la jirani wameshaizunguka wanabishana 1973 Mehta alishindaje ilhali alimaliza sare na Harry Källström, naye pia yuko kwa Datsun. Siwaingilii, hiyo itawapeleka mpaka magharibi.

Saa 8. Nimelala chini nyuma, pale paipu ya chuma inapoungana na tangi. Kuna kipande cha mpira, urefu wa kiganja, klipu mbili mpya, kwa nje safi kabisa. Nikakibonyeza kwa vidole, laini kupita kiasi. Nikakitoa nikakipasua kwa wembe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ndani ngozi ya mpira imevimba, imebanduka upande mmoja, kipande kinaning'inia kama kimio. Ukipuliza kutoka mbele kinalala, hewa inapita zake, pampu ikivuta kinainuka na kuziba njia. Ukienda taratibu kile kidogo kinachopita kinatosha, ukikanyaga mlimani bakuli za kabureta zinaisha kabla hazijajazwa. Ukiegesha, mvuto unakwisha, kinalala tena, gari inawaka.

Nikaitizama ile paipu kwa nje, ni ya maji! Mtu kaweka paipu ya maji kwa petroli. Petroli inaila ndani taratibu na nje inabaki inang'aa.

Saa 9 nimeweka ya petroli, ile yenye maandishi ubavuni, na filta mpya. Chupa ikajaa. Sasa ndo kabureta. Jeti zote mbili juu kabisa halafu mizunguko miwili na nusu chini, hapo ndo pa kuanzia, kisha naweka kipande cha paipu sikioni nasikiliza kila kabureta inavyovuta hewa mpaka mivumo ilingane. Nainua pistoni kidogo kwa bisibisi nyembamba: injini ikipanda ikabaki juu petroli nyingi, ikitaka kuzima ni kidogo, ikipanda kidogo ikatulia tuko sawa.

Saa 10 na nusu, jua bado kali, ndo navyotaka. Mzee anaendesha, mimi kando, Miritini, tukapanda Mazeras nyuma ya trela la simenti. Nikamwambia kanyaga. Akakanyaga. Ikapita, ikaendelea kuvuta mpaka Mariakani na mzee hataki kuinua mguu, ikabidi nimkumbushe kuna matuta.

Saa 12 na nusu jioni tumerudi. Kwenye bei akaanza kulia ati kipande cha mpira cha kiganja ndo pesa yote hii, nikamwambia mpira ni bure mzee, lipa siku. Tukaelewana. Kesho anatoka alfajiri, nimemwandikia kwa karatasi, akifika Nairobi akiona moshi mweusi na plagi nyeusi apandishe kila nati robo mzunguko kwanza, zote mbili sawa, na asimpe mtu mwingine spana.

Tuktuk bado iko hapa, kebo iliyoletwa si ya tuktuk hii.