Laptopu yangu haina diski, na bado inakimbia

Fundi aliitazama ile diski kama mtu anayetazama samaki wa juzi. "Kaka, hii imekufa. Lete laki na kidogo nikuwekee nyingine. Ila mashine ya RAM giga 2, mimi ningeiuza spea." (RAM ni kumbukumbu ya muda ambayo mashine inafanyia kazi; diski ndiyo ya kuhifadhia.) Nikafungasha laptopu yangu nikaondoka nimenuna.

Jamaa mmoja mjuaji akanipa dawa: washa Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi, ongeza neno toram kwenye mstari wa kuwashia, mfumo wote unahamia kwenye RAM, flashi unachomoa. Hakuniambia kwamba Mint yenyewe inazidi giga 2. Gunia la kilo mia litaingiaje kwenye kiroba cha hamsini? Kuna maandishi yalipita haraka kwenye skrini kulalamika kuwa nafasi haitoshi, lakini nani anayasoma yale? Mint ikaamua kuendelea kusomea kwenye flashi, kimyakimya. Mimi huku nimemwita mdogo wangu aje ashuhudie. Nikachomoa flashi kwa mbwembwe.

Kishale kikaendelea kutembea vizuri tu. Nikabofya menyu, picha zikatoka nusu. Nikaandika amri ya kuzima, ikajibu haiwezi kuisoma. Mashine ilikuwa imesahau hata namna ya kuzimika! Nikabaki nimeshikilia kitufe. "Kwa hiyo ndiyo hivyo?" dogo akauliza.

Kilichoniokoa ni Puppy Linux, mfumo mwingine wa aina hiyo ila mdogo, ile aliyoianzisha Barry Kauler wa Australia mwaka 2003. Nilichukua toleo lake la FossaPup 9.5, megabaiti 400 hivi, kwa bando la buku. Kuiweka kwenye flashi siwachoshi. Hii inajipakia kwenye RAM yenyewe, na safari hii nikaandika amri ya free -m kuona nafasi iliyobaki kwenye RAM kabla sijagusa flashi. Nikachomoa. Ikadunda. Abiword, programu ya kuandikia, inafunguka kabla sijainua kidole, maana hakuna diski ya kusubiriwa izunguke. Ila kivinjari usikifungulie kurasa kumi, kitakula RAM yote na hapo kila kitu kinaganda.

Kiburi kikanipanda, nikajitolea kuandika ahadi za michango ya kamati ya harusi ya binamu yangu. Majina arobaini na kitu, kila mmoja na kiasi chake. Betri yangu ilishakufa siku nyingi, natumia waya tu. Nimefika jina la mwisho, umeme ukakatika. Kilichoko kwenye RAM kinaondoka na umeme, na hilo nalijua. Nililisahau kwa nusu saa tu ya raha. Nikapiga simu moja moja kuuliza upya. Ajabu, kila mtu alikumbuka ahadi ndogo kuliko ile niliyoiandika. Baba mdogo wa laki mbili akawa wa hamsini.

Siku hizi naongeza pfix=ram kwenye mstari wa kuwashia kila mara, inaanza safi kama haijawahi kuguswa. Kazi zangu zinakwenda kwenye flashi ya pili, nahifadhi kila baada ya aya. Ukizima, Puppy inauliza kama unataka kuhifadhi mabadiliko ya mfumo. Mimi nakataa, mwingine akubali akipenda. Kama betri yako ina uhai hata wa dakika kumi, umenizidi.

Fundi alikuja wiki iliyopita kuomba nakala ya flashi. Nilimtoza elfu tano. Baba mdogo bado anasema hamsini.