Kitambaa cha njano ambacho hakikurushwa

Jumapili iliyopita mchezo wa futiboli ya Kimarekani tuliokuwa tukiutazama kwenye televisheni ulisimama. Refa akaenda pembeni, akavalishwa visikizi, akainamia kile kikompyuta wanacholetewa, na uwanja mzima ukabaki kumngoja. Binti yangu alikuwa amelala kifudifudi kwenye zulia na daftari lake la hesabu. Akainua kichwa na kuuliza, "Mama, wakishaona wamekosea, huwa wanabadilisha?"

Nilimwambia amalize hesabu zake kwanza. Lakini mwenzenu nilikuwa nimeshaondoka pale sebuleni. Nilikuwa Superdome, uwanja wa timu yetu ya New Orleans, Saints, tarehe 20 Januari 2019, ngazi za juu kabisa, nimesimama kando ya baba mkwe.

Baba watoto alikuwa zamu baharini, kwenye mtambo wa mafuta wa Ghuba ya Mexico, ndiyo maana kiti chake kikawa changu. Baba mkwe mnamjua: mzee wa gumbo, ule mchuzi mzito wa bamia, mzee asiyepandisha sauti hata nyumba ikiwaka. Timu ya Saints ilipoanzishwa mwaka 1967 yeye alikuwa mvulana. Akaifuata ilipokuwa ikicheza uwanja wa Chuo Kikuu cha Tulane, akahama nayo Superdome ilipofunguliwa mwaka 1975. Mwaka 1980 timu ilishinda mchezo mmoja tu kati ya 16, mashabiki wakawa wanakuja uwanjani wamevaa mifuko ya karatasi vichwani kwa aibu. Yeye aliketi katikati yao, uso wazi. Kimbunga Katrina kilipoizamisha nyumba yake mwaka 2005 alihamia Houston, na jambo la kwanza alilouliza watu wa nyumbani, baada ya kujua kila mtu yuko hai, ni kama timu itarudi. Ilirudi, tarehe 25 Septemba 2006, naye alikuwepo.

Mimi mtoto wa Tanga, niliyelelewa na Coastal Union kwenye redio ya marehemu babu, sikuupenda mchezo huu siku ya kwanza. Niliupenda kwa sababu yake. Alinifundisha kidogo kidogo, Jumapili kwa Jumapili, bila kunichoka: majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, nani anaruhusiwa kumgusa nani, na lini. Hilo la "lini" lishikeni.

Ilikuwa fainali ya NFC, nusu moja ya ligi ya NFL. Mshindi anakwenda Super Bowl, fainali kuu ya ligi, kule Atlanta, mji wa mahasimu wetu wakubwa. Wapinzani walikuwa Rams wa Los Angeles. Tulianza vizuri mno, 13 kwa 0, kisha wakaturudia pole pole kama maji kupwa na kujaa, hadi robo ya nne ikawa 20 kwa 20.

Zikabaki dakika 1 na sekunde 49. Mpira wetu, yadi 13 kutoka kwenye mstari wao. Jaribio la tatu, zinahitajika yadi 10. Baba mkwe aliinama akaninong'oneza hesabu yake: tukipata jaribio jipya hapa, tunaula muda wote, tunapiga teke la pointi tatu sekunde za mwisho, tunakwenda nyumbani. Kwa namna mpira ulivyokaa sikuona mtu wa kumpinga.

Drew Brees, mrushaji wetu, akapewa mpira. Mpokeaji wetu, Tommylee Lewis, akachomoka kutoka nyuma, akakunja kulia, akapanda na ukingo wa uwanja. Alikuwa peke yake. Brees akamrushia. Mpira ulikuwa ungali hewani, Lewis amegeuza uso anautafuta kwa macho, pale beki wa Rams, Nickell Robey-Coleman, alipokuja mbio kutoka katikati. Huyu hakuutazama mpira hata kidogo. Alimtazama mtu tu, na alimfikia mtu kabla mpira haujafika, kofia kwa kofia. Lewis akaanguka. Mpira ukapita, ukadondoka.

Nilikuwa nimesikia kelele za Superdome kabla ya siku ile. Kelele ile ilikuwa nyingine. Watu zaidi ya 70,000 walivuta pumzi kwanza, nakumbuka ule mvuto wa pumzi, kisha sauti ikatoka, na haikuwa sauti ya hasira bado. Ilikuwa sauti ya kuita. Walikuwa wanaita kile kitambaa cha njano. Kila refa anacho kiunoni. Akiona kosa anakichomoa na kukirusha, na kikitua tu, kila mtu anajua kosa limeonekana.

Niliangalia kiuno cha yule refa aliyekuwa karibu. Sijui watu wengine waliangalia nini. Mimi niliangalia pale kiunoni. Kitambaa kilikuwepo. Mkono wake ukasogea, moyo wangu ukaruka, kumbe anainua mikono yote miwili kuonyesha kwamba mpira haukudakwa, basi, mchezo uendelee. Mwenzake aliyekuwa jirani naye, kimya. Kocha wetu, Sean Payton, alikuwa pembeni anapiga kelele huku amevua visikizi. Kelele ya watu ikabadilika. Sasa ikawa hasira.

Nilijisahau. Kwetu Pwani mtu hapigi mayowe mbele ya mkwe, lakini mimi nilipanda juu ya kiti nikapiga mayowe kwa Kiswahili, Kidigo na Kiingereza, maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilipogeuka kumwangalia baba mkwe nikamkuta amesimama wima, mdomo umefungwa, mkono wa kulia ameunyoosha mbele, kidole kikielekea pale pale Lewis alipoangukia. Hakuwa anautikisa mkono wala kufanya ishara yoyote. Alikuwa anaonyesha tu, kwa utulivu, kama vile yule refa chini kule angeweza kuinua macho, kumwona mzee mmoja kati ya watu 70,000, akafuata kidole chake.

Skrini kubwa ikarudia. Mara ya kwanza, watu wakaunguruma. Mara ya pili, polepole, ikaonekana hadi nafasi kati ya mpira na mwili wa Lewis. Mkono wa baba mkwe ulikuwa bado umenyooka.

Nikamshika bega. "Baba, tulia, wataangalia marudio. Lazima watasahihisha."

Akajibu bila kugeuka. "Hili hawaruhusiwi kuliangalia, binti."

Nilidhani sikumsikia. Akanieleza huku timu ya mateke ikiingia uwanjani. Mguu umekanyaga mstari, wanaangalia. Mpira umegusa nyasi, wanaangalia. Kamera kila upande, na chumba kule New York chenye watu ambao kazi yao ni kutazama tu. Lakini kosa la kumgonga mpokeaji kabla ya mpira kufika halikuwa kwenye orodha. Sheria ilisema hilo ni la macho ya refa peke yake. Refa hakurusha kitambaa, kwa hiyo halikutokea. Tulikuwa tunalitazama likitokea kwenye skrini kubwa kuliko nyumba yangu, na kisheria halikutokea.

Nilikaa chini. Ile dakika ndiyo inayonirudia, zaidi ya yote yaliyofuata.

Yaliyofuata mnayajua. Mpiga mateke wetu, Wil Lutz, alipiga teke, 23 kwa 20, lakini Rams wakabaki na muda wa kutosha. Mpiga mateke wao, Greg Zuerlein, akasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 15. Muda wa nyongeza, Brees akagongwa wakati anarusha, mpira ukanyakuliwa, na Zuerlein akapiga teke la yadi 57 lililotumaliza. 26 kwa 23. Tulishuka ngazi na umati usiosema neno. Baba mkwe alinishika mkono kwenye ngazi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natetemeka.

Usiku uleule Payton aliwaambia waandishi kwamba ligi imemkubalia kwa simu kuwa refa alikosea. Robey-Coleman mwenyewe alisema waziwazi kwamba aliwahi mno, alikuwa amezidiwa mbio na alitaka kuzuia bao. Baadaye ligi ikamtoza faini ya dola 26,739 kwa kugonga kofia kwa kofia. Nilipoisoma ile habari ya faini niliisoma mara mbili. Kosa lililostahili faini lilikuwa kosa. Ila matokeo yalibaki yaleyale.

Watu wasioishi hapa walitucheka. Gavana aliandika barua kwa kamishna wa ligi. Mashabiki walikwenda mahakamani, kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Louisiana na kutupwa huko. Daktari wa macho alitangaza kuwapima marefa bure. Siku ya Super Bowl, tarehe 3 Februari, watu wa New Orleans walizima televisheni wakatoka barabarani na matarumbeta, na gazeti la mji kesho yake likachapa ukurasa wa mbele mweupe karibu wote. Waliosema tunalia kwa sababu tumeshindwa hawakuielewa. Mji huu umeshindwa mara nyingi na unajua kushindwa. Mwaka mmoja tu nyuma tulitolewa kule Minneapolis kwenye mchezo wa mwisho kabisa, na Stefon Diggs wa Vikings, kwa haki kabisa, na baba mkwe alisema "wametuweza" akaenda kulala.

Nilikuwa nina hakika dawa ni moja: fungueni orodha, waruhusiwe kuangalia. Machi 2019 wenye timu wakapiga kura, 31 kwa 1, na kosa lile likaruhusiwa kupitiwa kwa marudio, kwa majaribio ya msimu mmoja. Nilikwenda kwa baba mkwe na keki.

Hakuifurahia. Tulibishana jikoni kwake, kwa heshima, lakini tulibishana. Nikamkumbusha kisa chake mwenyewe cha Super Bowl ya mwaka 2010, Lance Moore alipodaka mpira wa pointi mbili, marefa wakasema hakudaka, Payton akaomba marudio na zile pointi zikarudishwa. Bila kamera zingepotea. Alikubali. Kisha akasema, "Mstari ni mstari. Mguu uko ndani au uko nje. Lakini kugongana ni jambo la kuhukumu, na anayehukumu akishakosea, mwenzake wa ofisini atapenda kumsitiri." Nikamwambia Baba, unawadhania watu vibaya. Akanikatia kipande cha keki.

Msimu wa 2019 ulipoanza, makocha walianza kurusha vile vitambaa vyekundu vya kuomba marudio, na maombi mengi yakakataliwa hata pale picha ilipoonyesha wazi. Mwezi wa Septemba tulikwenda Los Angeles kwa Rams walewale. Mpira ulimtoka mrushaji wao, Jared Goff, Cameron Jordan wetu akauokota na kukimbia nao hadi mwisho wa uwanja. Refa alikuwa ameshapuliza filimbi akidhani ni mrusho uliokosa. Marudio yakathibitisha ni kweli, mpira ulimtoka. Tukapewa mpira pale ulipookotwa, lakini zile mbio hazikuhesabiwa, kwa kuwa filimbi ilikuwa imelia.

Halafu tarehe 5 Januari 2020, mchujo, nyumbani kwetu, dhidi ya Vikings. Muda wa nyongeza. Kyle Rudolph akanyoosha mkono akamsukuma beki wetu P.J. Williams, akapata nafasi, akadaka, mchezo ukaisha 26 kwa 20. Safari hii sheria ilikuwepo. Safari hii New York waliruhusiwa. Nilikuwa sebuleni kwa baba mkwe, nimesogea hadi karibu na kioo cha televisheni, nikisubiri mchezo usimamishwe rasmi. Haukusimamishwa. Baadaye ligi ilieleza kwamba waliiangalia picha na hawakuona la kubadilisha.

Baba mkwe alinyanyuka kuzima jiko. "Basi wameangalia," akasema.

Mwaka huohuo sheria ikaachwa ife. Hakuna aliyeomba iendelee.

Nimemwambia binti yangu kwamba wakati mwingine wanabadilisha. Hilo ni kweli, na naona kwa umri wake linatosha. Ila mimi na babu yake hatujamaliza. Mimi bado nataka kosa lile lirudi kwenye orodha, na wanaoangalia wawe watu ambao si wenzake wa yule aliyepuliza filimbi, wasiokula naye, wasiopangiwa kazi na bosi mmoja. Yeye ananiuliza watu hao nitawatoa wapi kwenye ligi yenye timu 32 na kamishna mmoja anayelipwa na wenye timu hizo. Sina jibu bado. Mwezi wa Septemba akija kwetu nitamwuliza tena kuhusu wale wa mahakama ya michezo, maana hapo naona ana pa kukwama.