Tabaini inayoona mbele

Leo kwenye mafunzo tumejaribu kidhibiti tabirifu kwenye simuleta ya tabaini ya gesi, mtambo unaozalisha umeme kwa kuchoma gesi. Mkufunzi akapandisha mzigo wa umeme ghafla, kama ule wa saa moja jioni watu wakipika na kuwasha taa. Frikwensi ya umeme ikashuka chini ya hezi 50 za kawaida. PID, kidhibiti cha kawaida tulichokizoea, husubiri kosa litokee, yaani frikwensi iachane na lengo, ndipo ifungue vali ya gesi. Ikifungua kwa pupa, joto la moshi linapaa na mapanga ya tabaini yanaumia. Hiki tabirifu kinapiga hesabu ya sekunde zijazo, kikomo cha joto kikiwa ndani ya hesabu tangu mwanzo. Mstari wa frikwensi kwenye skrini ukapanda taratibu, ukatulia. Jamani, nimefurahi sana! Wenzangu wa mitambo ya gesi, kwenu mnatumia kidhibiti kipi?