Kumbukumbu ya mradi: kuikimbiza i5-8600K bila kuiunguza

Siku ya 1

Nataka kuiendesha prosesa ya kompyuta yangu kwa kasi kubwa kuliko iliyopangiwa kiwandani, lakini kabla ya kugusa mpangilio wowote nilitaka kwanza kujua mashine ina hali gani. Prosesa ni i5-8600K, toleo la mwaka 2017: viini 6, kasi ya msingi gigahezi 3.6. Kiini kimoja kikifanya kazi hupanda chenyewe hadi 4.3, na vyote sita vikifanya kazi pamoja huishia 4.1. Ile herufi K ndiyo ruhusa yenyewe, maana kizidishi chake, namba inayoamua kasi ya viini, hakikufungwa, na ubao mama wangu ni wa Z370, unaokubali kukibadilisha. Kimoja kati ya hivyo viwili kikikosekana, hakuna mradi.

Nimeendesha Cinebench, programu ya kuichosha prosesa, mfululizo kwa nusu saa huku HWiNFO ikisoma joto. Nyuzi 84! Na hapo sijaongeza kitu. Nikafungua kasha. Vumbi lilikuwa limejaza mapezi ya kipoza joto mpaka ungedhani ni sufi, na pesti ya zamani, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza joto, imekauka, inabanduka vipande vipande kama matope ya msimu uliopita. Nimeipangusa kwa spiriti na kitambaa kisicho na nyuzinyuzi, nikaweka tone jipya katikati, kiasi cha punje ya choroko mbili hivi, nikarudisha kipoza joto. Skrubu nimezikaza kidogo kidogo kwa mkingamo: hii nusu mzunguko, kisha ya kona ya pili, halafu narudi. Ukiikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, kipoza joto kinalalia upande na pesti inakimbilia upande wa pili.

Jaribio lilelile sasa: nyuzi 70. Nyuzi 14 nimezipata bila kuingia BIOS, mipangilio ya ubao mama wenyewe, hata mara moja. Nimenakili pia mafaili yangu yote kwenye diski ya nje na kuichomoa kabisa.

Siku ya 2

Hesabu ya kasi ni rahisi. Saa ya msingi, yaani mapigo yanayoongoza mashine, ni megahezi 100, kizidishi ni 41, ukizidisha unapata gigahezi 4.1. Saa ya msingi siigusi, kwa sababu ikisogea inaburuta na RAM, na hitilafu ikitokea sitajua nimshike nani. Zamani hawakuwa na hiari hiyo. Celeron 300A ya mwaka 1998 ilikuja na kizidishi kilichofungwa, kwa hiyo watu waliipandisha saa ya basi, yaani saa yao ya msingi, kutoka megahezi 66 hadi 100, na prosesa ya 300 ikatoka ikikimbia 450. Kwa sababu hiyohiyo ya kutotaka washukiwa wawili, nimezima XMP, mpangilio unaoikimbiza RAM, ili irudi kwenye kasi yake ya kawaida mpaka nimalizane na viini.

Nimeweka kizidishi 46, volti nikaiacha kwenye otomatiki nikidhani ubao mama una akili kuliko mimi. Nikawasha jaribio. Ndani ya sekunde kumi joto limeruka hadi 95, na HWiNFO inaonyesha volti 1.39. Nimezima jaribio mkono ukitetemeka kidogo. Prosesa hii inajipunguzia kasi yenyewe ikifika nyuzi 100, kwa hiyo isingeungua palepale, lakini hakuna sababu ya kuilisha volti zote hizo kwa 4.6. Ubao ukiachiwa kazi hiyo hutia volti za kumtosha hata chipu mbovu kuliko zote, na yangu haimo katika kundi hilo.

Nimeandika 1.25 kwa mkono. Kasi ileile ya 4.6, joto 73.

Siku ya 3

Leo ilikuwa siku ya volti tu, na ndiyo iliyonifunza zaidi.

Unaandika 1.25 kwenye BIOS, lakini mzigo mzito ukija kinachofika kwenye viini ni pungufu. Kwangu kilikuwa 1.19. Kuna mpangilio wa kufidia mporomoko huo, una ngazi kadhaa, na kishawishi ni kuchagua ya juu kabisa ili namba isimame wima. Nimekataa. Mzigo unapokatika ghafla, ngazi ile huacha volti iruke juu kupita ulichoandika kwa muda mfupi mno, na programu inayosoma mara moja kwa sekunde haiwezi kuuona mruko huo. Nimechagua ngazi ya katikati na kukubali mporomoko mdogo.

Prime95, programu nyingine ya kuichosha prosesa, nimeiendesha mara mbili, yenye maagizo ya AVX (hesabu nyingi kwa mpigo mmoja) na isiyo nayo. Yenye AVX ni mzigo ambao kazi zangu za kila siku haziufikii hata nusu, lakini lazima mashine iuvumilie. Nimeweka punguzo la AVX la 2: maagizo hayo yakija, kizidishi kinashuka hatua mbili.

4.7 kwa 1.25: saa nzima, salama. 4.8 ikadai 1.29. 4.9 haikutulia mpaka 1.36, joto likiwa 91.

Nikachukua karatasi. Umeme unaotafunwa hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Kutoka 4.7 hadi 4.9 ni nyongeza ya kasi ya asilimia 4. Kutoka 1.25 hadi 1.36, pamoja na kasi hiyo, ni nyongeza ya umeme ya takriban asilimia 23. Na umeme huo wote unageuka joto ambalo katika kizazi hiki linapita kwanza kwenye pesti iliyo chini ya kofia ya prosesa, si solda. Feni yoyote juu yake itahangaika. 4.9 nimeifuta.

(Nilijaribu 5.0 kwa udadisi. Skrini nyeusi, feni zinazunguka, kimya. Nimezima, nimechomoa waya wa ukutani, nikagusisha pini mbili za kufuta CMOS, inakohifadhiwa mipangilio ya BIOS, kwa ncha ya bisibisi, mipangilio ikarudi ya kiwandani. Andikeni namba zenu kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nimezihifadhi ndani ya BIOS ileile niliyoifuta.)

Siku ya 6

Nilikuwa nimeshajipongeza na 4.8. Siku mbili nzima, haijaganda, hakuna skrini ya bluu. Leo nimebana folda kubwa ya picha, nikaifungua kujaribu, na programu ikaniambia faili moja halilingani na jumla yake ya ukaguzi, namba inayoonyesha kama faili limebadilika. Nikarudia kubana. Safari hii faili bovu lilikuwa jingine.

Nimefungua orodha ya matukio ya Windows, nikachuja WHEA-Logger, sehemu inayoandika makosa ya maunzi. Mistari 14, yote namba 19: makosa ya maunzi yaliyogunduliwa na kusahihishwa. Yalianza saa chache tu baada ya kuweka 4.8. Mashine ilikuwa inalalamika muda wote, mimi natazama namba za joto. Bora ingeanguka. Kilichoniuma ni lile ambalo halikusahihishwa, maana limepita kimya hadi kwenye diski, na kama ingekuwa ndiyo nakala pekee nisingejua mpaka siku ya kulihitaji. Nimelinganisha folda yote na diski ya nje. Picha za asili ni nzima, za kwenye kumbukumbu iliyobanwa nimezitupa.

Saa moja ya Prime95 kumbe haikutosha. Mzigo wake ni wa kiwango kimoja, haupandi na kushuka kama kazi halisi.

Siku ya 15

Nimerudi 4.7, na badala ya 1.25 iliyopita majaribio nimeweka 1.27, ziada kidogo kwa siku ambayo chumba kina joto. Kikomo cha joto nimekishusha kutoka 100 hadi 90. Cinebench: nyuzi 76. Usiku mmoja Prime95, usiku mwingine kubana na kufungua folda ileile mfululizo kwa skripti, jumla zinalingana zote. WHEA: sifuri kwa siku tisa.

Usiku huu nawasha XMP tena na kuiachia MemTest86, programu ya kupima RAM, hadi asubuhi. Ikitoa kosa hata moja, nitajua ni RAM, kwa sababu viini sitavigusa tena.